Soksi na Mpira wa Kuvuta

…kumi na mbili, kumi na tatu, mama unavuta au unajikuna, inasema simu iliyoegemezwa kwenye kopo la nyama, na Melenaite anavuta, anauvuta mpira wa kijani uliopita chini ya unyayo wake wa kulia kama anayemnyonga mtu, maana huyu Lupe kazaliwa chumba hiki hiki, kafutwa kamasi kwa upindo wa gauni hili hili, leo kwa kuwa yuko Brisbane anamhesabia mama yake kama mtoto wa chekechea, mgongo wima mama, wima nini, mgongo huu ulibeba viazi vikuu kutoka shambani wewe hujaota meno… na vile vyuma viwili vya mazoezi nilivyotuma kwenye pipa la mizigo, unavinyanyua? Navinyanyua, anasema, na hajadanganya, kimoja akitaka kufunga mlango lazima akinyanyue, cha pili kiko juu ya mfuniko wa sufuria, paka asile mboga ya majani ya talo… na mkeka, mbona hujautandika, ule wa bluu? Mkeka! Nani alimwambia mtoto huyu amtumie Mtonga wa visiwani mkeka bila kumweleza ni wa kulalia chali na kurusha miguu, mkeka kwa watu wenye akili unawekwa chini ya godoro na wenzake, unangoja msiba, basi ukangoja, Siosaia shemeji yake akafa mwezi wa sita, mikeka ikatolewa zawadi ya mazishi, na ule wa bluu umejiviringisha ndani ya mkeka mkubwa kama mwizi, ukaenda, ukafunguliwa mbele ya kanisa zima, mbele ya wifi yake Kalolaine, dada mkubwa wa marehemu, mwenye haki ya kupokea, puu, ukaanguka mpira laini unaonuka duka, watu wakakohoa wasicheke, na kilichoingia mkononi mwa Kalolaine hakiombwi kirudi, sasa anaukalia kila Jumapili kwenye benchi la mbele, makalio yamestarehe, na akipita anasema, wifi, una mwingine? Mwanaharamu… Mama, uko wapi, badilisha mguu, wa kushoto sasa. Wa kushoto kesho. Kila siku kesho! Daktari kasema miguu yote miwili, sukari haichagui, unataka wakukate kama baba? Usinitajie baba yako, anasema Melenaite, na mpira unamchapa kwenye muundi, kwani nani alimuuguza, nani alikaa hospitali siku kumi na nne akimsikia akidai kidole kinamwasha, na mguu umeshatupwa, yule Semisi, yule mume wa kunyongwa, kidole kilimwoza miezi miwili akitembea nacho mbele yangu, analala nacho kitandani mwangu, mimi namfulia soksi nasema hii harufu ni viatu, angesema wiki ya kwanza wangekata kidole tu, kidole kimoja, angekuwa hapa ananikera, lakini hakusema, bubu, jeuri, miaka miwili kaburini na bado nikipita pale namtukana kimoyomoyo… mama, subiri, sogea nyuma kidogo, mbona mguu mmoja una soksi? Baridi, anasema Melenaite.

Baridi. Bati juu linalia kwa jua, jasho linamchuruzika mpaka kwenye mpira, na neno limeshatoka, neno lile lile, kwenye kiti hiki hiki, Semisi kanyoosha miguu, mbona soksi, baba Lupe, na yeye, baridi, macho ukutani… na soksi yenyewe ni ya Semisi, ya kijivu, Melenaite aliitoa kwenye droo ya marehemu Jumatatu ya wiki iliyopita, alipokiona kidonda kimefunguka chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, hakimuumi, hicho ndicho kinachomtia wazimu, hakimuumi hata kidogo, akasema kitapona, asijue mtu, na Kalolaine asipate la kusema… shenzi, anasema, na hajui anamtukana nani, miaka miwili yote alikuwa anamtukana nani. Kumi na nne, inasema simu, twende, mguu wa kulia basi, kumi na tano, mama, vuta, na mpira bado uko pale pale chini ya mguu wa kulia, kopo la nyama pale pale, mlango umezuiwa na chuma chake, ila mkono mmoja umeuachia mpira, unateremka kwenye goti la kushoto, kwenye muundi, unashika upindo wa soksi. Kumi na sita… Lupe, anasema, kwa hasira, koma kuhesabu, funga mdomo, utazame.