Ghorofa Nne Juu ya Meza

Mtu akiambiwa asiguse kitu, halafu akakigusa, mimi damu hunichemka. Basi mwaka ule wa 1976 damu yangu haikupata nafasi ya kupoa, maana karibu Arua nzima ilikuja kugusa.

Kitu chenyewe kilikuwa mfano wa jengo, wa mbao na vioo, uliokuja na mhandisi kutoka Kampala nyuma ya Landrova. Ungeweza kuukumbatia kwa mikono miwili. Ilikuwa ofisi mpya ya jimbo, ghorofa nne, ambayo ingesimama katikati ya mji karibu na soko. Mhandisi aliuweka juu ya meza katika ukumbi wa mji, akasema raia waje watazame na watoe maoni, kisha yeye atarudi. Mimi nilikuwa mfagiaji wa ukumbi ule. Yakubu, karani wa mji, alinivutia kigoda mpaka kando ya meza.

"Pasca, wewe kaa hapa na hii kitu," akaniambia. "Vumbi isiingie. Mutu asiguse."

Nikakaa. Siku za kwanza watu walisifu tu. Miaka ile hatukuwa tumezoea kuulizwa maoni na serikali, na mtu asiyezoea kuulizwa hujibu kile anachodhani kinatakiwa. "Nzuri sana," walisema, jicho moja kwenye vioo na jingine kwa Yakubu. Ilipofika siku ya soko na hakuna aliyekuwa amekamatwa, ndimi zikalegea.

Wa kwanza kuharibu sherehe alikuwa Sulaiti, fundi cherehani. Aliinama akalizunguka jengo lote.

"Varanda iko wapi?" akauliza.

"Haina," Yakubu akamwambia.

"Sasa cherehani yangu itakaa wapi? Nyumba gani haina varanda? Mutu akikuja na kesi, mvua inanyesha, atasimama wapi?"

Alikuwa na haki yake. Mafundi wote wa Arua wanashonea kwenye varanda za maduka, na nusu ya mambo ya mji huu huamuliwa hapo, suruali ikisubiri pindo. Kaltumu, muuza chai, yeye aliona vioo. "Dirisha mingi hivi," akasema, "mkubwa akisinzia kwenye kiti, soko yote itaona mate yake." Watu wakacheka, kisha wakakumbuka waliko, wakamgeukia Yakubu kumtazama. Mwingine akauliza maji ya mvua yatateremkia wapi, na paa lenyewe ni tambarare. Mzee mmoja akawatuliza kwamba nyumba njema si mlango, ila mwenyewe aliinama akauchungulia ule mlango.

Halafu akaja Andama, mkulima wa Manibe. Huyu hakucheka. Alivua kofia, akasogea karibu nami, akaniuliza kwa Kilugbara, tena kwa sauti ya chini, "Hii amejengewa nani?"

"Serikali," nikamjibu.

"Nakuuliza, dada. Ni nani amekufa?"

Nilimwambia apishe wengine. Lakini nilikuwa nimemwelewa. Kwetu mtu akifa, hasa akifia mbali, ukoo humjengea kijumba cha mawe bapa ukingoni mwa ua, kimo cha goti, ili roho yake ipate pa kuingia. Huwekewa unga kidogo mlangoni. Mtu aliyekulia karibu na vijumba hivyo akiona nyumba isiyoingilika na binadamu, hawezi kufikiria ofisi kwanza.

Nami nilikuwa nakikimbia kijumba cha namna hiyo. Mume wangu, Asiku, alikuwa dereva katika kambi ya jeshi. Mwaka wa 1974 aliitwa Kampala, akaenda, hakurudi. Nilipokwenda kambini kuuliza, waliniambia dereva yuko safarini, wakafunga dirisha. Mama yake, Ocokoru, alivumilia mwaka mmoja kule kijijini Logiri, kisha akasema basi, tumjengee mwanangu. Katika ukoo wao jiwe haliwekwi mpaka mke alete unga wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Nikakataa. Mwili hamjauona, mnajenga nini? Niliona kwamba siku nitakayoutoa unga ule, nitakuwa nimemuua Asiku mimi mwenyewe. Naye mama yake aliona kwamba kila siku ninayokataa, mwanawe analala mvuani.

Tangu hapo hakunisemesha. Mtoto hatukujaliwa, wa kupeleka salamu kati yetu. Nikahamia mjini, nikapanga chumba mtaa wa Mvara. Asiyekuwepo na lake halipo, na hivyo shamba la Asiku likaanza kulimwa na binamu, nami nikaanza kuitwa yule mwanamke wa mjini. Wanawake wawili tukimngoja mwanamume mmoja, kila mmoja na mlango wake umefungwa. Nilimkumbuka Ocokoru kuliko alivyostahili. Tulizoea kubangua karanga pamoja, akinisema kwamba nakula nyingi kuliko ninazotia kwenye ungo, na kweli nilikuwa nakula. Nilikuwa mpweke. Sina namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Nilikuwa nakula nimesimama, kwa sababu kumwandalia mtu mmoja kulinionyesha vizuri mno kwamba ni mmoja.

Ndiyo maana nililipenda lile jengo, ingawa nililisema vibaya pamoja na wengine. Mchana watu wakienda kula, nililipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, dirisha kwa dirisha. Nikaanza kumpangia Asiku kazi humo. Angekuwa dereva wa mkubwa mpya. Angekaa chumba cha ghorofa ya pili upande wa soko, maana alipenda kutazama watu wakibishana bei. Mimi ningepita chini, yeye angegonga kioo. Nilikuwa namweka hai humo ndani, chumba kwa chumba, na hakuna aliyenikataza.

Sikujua kwamba waliokuja kutazama walirudi vijijini na habari. Walisimulia Logiri kwamba Pasca wa Asiku anakaa kutwa mjini kando ya kijumba, anakipangusa, hali wala hanywi, hataki mtu akiguse. Jambo likipita vinywa vitatu, cha nne hupokea kitu kingine.

Siku ya soko iliyofuata, watu wakiwa wamejipanga mpaka nje, mstari ulipasuka. Niliinua kichwa nikamwona Adriko, mdogo wake Asiku, amemshika mama yao mkono. Ocokoru alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuja moja kwa moja hadi mezani, akanyoosha mikono, akagusa. Alipapasa paa, akateremka ukutani, akapita vioo kimoja kimoja, akaufikia mlango mdogo na kuuingiza kidole.

"Mama asiguse," Yakubu akaanza. Nilimwinulia mkono, akanyamaza.

"Ni refu," Ocokoru akasema. Ilikuwa sauti yake, na ilikuwa inasema na mimi. "Umemjengea refu."

Nilimtazama Adriko. Yeye alisoma shule ya misheni, alijua kabisa kile ni nini. Alitazama sakafu.

"Mama," nikasema, "hii ni..."

"Nimekutukana mbele ya watu," akanikatiza. "Nimesema huyu hana moyo, amekula mwanangu akaenda mjini. Kumbe ulikuwa unajenga. Tena umemjengea katika nyumba ya serikali, waliomchukua wamwone kila siku." Akanivuta kwa shingo akanikumbatia. Alinukia moshi na mafuta ya moyao ya kujipaka, vilevile kama zamani. Miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa amenikumbatia.

Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa unga wa mtama. "Umetoka kwenye ghala langu, lakini mkono uwe wako," akasema. "Mwite aingie. Amechoka huyo."

Ningeweza kumwambia kweli. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: hii ni ofisi, Mama, ni mfano tu, umedanganywa. Angegeuka arudi Logiri na aibu yake, nami ningebaki na Asiku wangu aliye hai, ghorofa ya pili upande wa soko, na kile chumba cha Mvara. Niliutazama ule mkono wake uliokuwa wazi mbele yangu.

Nikachota unga. Nikauweka mlangoni, pale ambapo wakubwa wangepita na mafaili yao. Nikasema, "Asiku, ingia."

Nilipolisikia jina lake likinitoka kwa namna ile, nilijua kwamba amekufa. Sikuambiwa na mtu. Nadhani nilikuwa najua tangu lile dirisha la kambini lilipofungwa, ila sikuwa nimekubali kujua. Nililia hapohapo juu ya meza ya serikali, na mama mkwe wangu akanishika kiuno asiniache nianguke. Sulaiti alivua kofia yake. Kaltumu aligeukia ukuta, na mabega yake yakaniambia kwamba naye ana mtu wake asiyetajwa. Siku ile hakuna aliyetoa maoni tena.

Ocokoru aliondoka amenyooka mgongo. Aliniagiza niende Logiri karanga zikiiva, mikono yake haitoshi.

Jumatatu mhandisi alirudi. Yakubu alimsomea waliyosema watu: varanda, paa, vioo. Mhandisi aliitikia yote, hakuwa mtu mbaya. Akasema mfano utakwenda Kampala ukarekebishwe. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimekaa pale mlinzi, na sikufikiria kwamba kitu kinacholindwa kina mwenyewe.

"Bwana Yakubu," nikasema, "hii ibaki."

"Pasca, hii iko mali ya serikali. Itarudi tu, itarudi na varanda."

"Ibaki siku chache."

Alinitazama kwa huruma, maana alikuwepo siku ile. Lakini angemwambia nini mhandisi? Nami ningesema nini? Mhandisi aliinama akaona weupe pale mlangoni. "Vumbi gani hili?" akauliza, akaupuliza unga. Kisha wakaufunika mfano kwa turubai, wakautia nyuma ya Landrova kati ya pipa la petroli na tairi la akiba.

Kwetu mgeni haondoki hivihivi, unamsindikiza. Asiku alipoondoka mara ya kwanza mimi nilikuwa shambani, na waliomwona akipanda gari wananiambia alitazama nyuma. Basi safari hii nilitoka. Gari lilikwenda polepole kwa sababu ya watu wa sokoni, nami nikalifuata kwa miguu, fagio bado mkononi, mpaka maduka yalipokwisha na barabara ya Kampala ikawa wazi. Hapo likaongeza mwendo. Nilisimama hadi vumbi likatulia, nikarudi kufagia ukumbi.

Mfano haukurudi, na jengo halikujengwa, si kwa varanda wala bila varanda. Karanga zilipoiva nilikwenda Logiri, na nimeendelea kwenda kila msimu. Tunakaa mkekani, tunabangua, ananisema kwamba nakula nyingi. Kabla sijaondoka huniuliza kama bado naipangusa ile nyumba ya mwanawe.

"Naipangusa, Mama."

"Analala vizuri?"

"Analala."

Hufurahi, hunifungashia karanga, nami hushika njia ya kurudi Mvara. Nimempata mama yake tena, na uongo huu ndio unaonipa ruhusa ya kukaa mkekani kwake. Kuna mtu mmoja tu ambaye ningeweza kumweleza hali hii, tukaicheka wawili, naye niliambiwa nimwite aingie, nikamwita.