Ngozi ya Muheme

Kijiti cha tano kiligoma kutoka. Yudith alikiuma kwa magego, akakipinda, akakitema pembeni. Ngozi ya ngoma ilikuwa imelowekwa tangu alfajiri kwa maji aliyoyachota korongoni, kata kwa kata, na sasa ilianza kuachia.

"Bado vingapi?" aliuliza Ruthu, wifi yake, aliyeubana mzinga wa ngoma kwa magoti.

"Vingi. Shika vizuri."

"Nimeshika. Anayetetemeka ni wewe."

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani. Amri iliyofika Ihumwa ilikuwa fupi: kila tembe ilete ngozi ya ng'ombe ya kushonea viatu vya askari, tembe isiyo na ngozi itoe mwanamume wa kubeba mizigo. Lakini ng'ombe walikwisha kuchukuliwa, wakaenda bomani Dodoma na ngozi zao mgongoni. Yoramu, mume wa Yudith, alimweleza askari hivyo hivyo, akafungwa kamba na kupelekwa stesheni. Kundi lake lingeondoka leo jua likifika utosini. Wa kundi la kwanza, hakuna aliyerudi.

Ngozi iliyobaki ilikuwa hii moja, ya muheme, ngoma ya wanawake. Haikuwa mali ya Yudith; aliitunza tu. Dorkasi, binti yake, alichezwa unyago kwa ngoma hii. Ruthu aliolewa kwa ngoma hii. Hata siku za palizi, wanawake wakirudi na migongo imewakatika, mmoja wao aliibana mapajani, akaipiga, na wengine wakajikuta wamesimama.

"Wenzetu nitawaambia nini?" aliuliza Ruthu.

"Waambie kaka yako yuko nyumbani, anakula."

"Anakula nini?"

"Basi waambie yuko nyumbani."

Kijiti cha mwisho kilitoka. Yudith aliikunja ngozi ingali inachuruzika maji, akaitia kwapani, akaondoka.

Stesheni, karani Mbwana alikuwa amekaa juu ya sanduku kivulini mwa behewa, kanzu yake imefifia, koti la serikali juu yake. Mbele yake watu walipanga foleni na ngozi zao. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba, mama. Leta."

Aliikunjua, akageuza uso kwa ajili ya harufu, kisha akalisoma lile duara na matundu ya vijiti pembezoni.

"Huyu ng'ombe wa duara mlimfuga wapi?"

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Yudith aliwangoja wamalize.

"Inatoa soli nne. Nimepima kwa mguu wangu."

Mbwana aliiinua kuelekea jua. Pembeni ilikuwa nyeusi, nzito. Katikati, pale viganja vilipoangukia miaka yote hiyo, mwanga ulipita. Alipitisha kidole nyuma yake, na kivuli cha kidole kikaonekana upande wa pili.

"Unaona? Mmeipiga mpaka imekuwa karatasi. Sindano ikipita tu, inachanika."

"Basi nirudishie."

"Pembeni itafaa kamba. Iache hapo."

"Na mume wangu?"

"Mama, nimetumwa ngozi za viatu. Hii si ngozi ya viatu."

"Lakini unaichukua."

"Ya kamba," alisema Mbwana, na kumwita aliyefuata.

Yoramu alikuwa amekaa chini na wenzake, shingo zao katika kamba moja ndefu. Aliiona ngozi pale juu ya rundo, akaitambua.

"Mmeivua?"

"Tumeivua."

"Ruthu alikubali?"

"Yeye ndiye aliyeshikilia."

Yoramu aliinamisha kichwa. Hapo ndipo Yudith alipomwona akilia. Askari alimsukuma kwa kitako cha bunduki, na Yudith akarudi alikotoka.

Nyumbani alimkuta Ruthu uani na wanawake watatu wa jirani. Walikuwa wamemwona anakuja peke yake. Chini ya kilima, kwenye njia ya wabeba mizigo, vumbi la kundi la Yoramu lilikuwa limeanza kuinuka.

Yudith aliingia ndani, akatoka na michi miwili. Mmoja alimpa Ruthu. Kinu kilikuwa mahali pake, kikavu. Uwele ulichukuliwa ungali shambani. Walianza kutwanga kinu kitupu, mmoja ukishuka, mwingine ukipanda, na wale watatu wakapiga makofi katikati, mpaka mapigo ya muheme yakakaa sawa. Mti juu ya mti ulisikika mbali. Chini, kundi lilipunguza mwendo.

Askari alipanda kilima mbio.

"Nafaka mmeificha wapi?"

Hakungoja jibu. Alitia mkono kinuni mpaka bega, akapapasa, akautoa. Akautazama mkono wake.

"Mnatwanga nini?"

"Angalia tena," alisema Yudith.

Askari alichukua michi yote miwili, akashuka nayo. Njiani, kiboko kililia mara moja, kundi likaenda.

Yudith alikipindua kinu, akapiga magoti, akakibana mapajani, akapiga kitako chake kwa viganja. Mlio ulikuwa mzito, wa chini. Haukufika hata zizini.

"Kaka hakusikii," alisema Ruthu.

"Najua."

Aliendelea kupiga. Ruthu alichuchumaa kando yake, akapiga makofi.