Asiyekuja Akajaza Nyumba

Kitendawili! Hakuja, akajaza nyumba. Mkishindwa msinipe mji, mimi mji nitauweka wapi? Nipeni masikio tu.

Kidoti alikuwa mwandishi wa programu katika karakana ya kengele za wagonjwa. Mgonjwa anabonyeza kitufe, kisanduku kinamwita muuguzi kwa mtandao, muuguzi akijibu taa ya kijani inawaka. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kiende kwa mama yake mwenyewe, ambaye miguu ilishamgomea.

"Na mtandao ukikatika, mwanangu, nani atakuja?" mama alimuuliza asubuhi.

"Meza dawa kwanza, Mama."

Kazini, kompyuta iliipitia programu ikatoa onyo la manjano: hapa unalinganisha namba inayojua kushuka chini ya sifuri na namba isiyojua. Maana jibu lisipofika, kisanduku hupokea hasi moja, yaani moja chini ya sifuri. Sasa ile namba nyingine haijapata kusikia habari za hasi, basi humwona mgeni huyo mkubwa kuliko namba zote. Kisichofika kinahesabiwa kimefika tele.

"Bosi, hapa pana jambo," alisema Kidoti.

"Ni onyo, si kosa," alijibu bosi, mtu wa furaha waliyemwita Shwari. "Maonyo yote tukiyasikiliza, tutakula lini? Zima hilo, binti. Gari la kubeba visanduku linasubiri."

Kidoti akazima.

Mchana wasiokuwepo wakaanza kujaa. Fundi umeme, aliyelala nyumbani akiuguza jino lake, alichukua viti vitatu. Shemeji yake Shwari, aliyeapa hatakanyaga pale, alijaa korido nzima, watu wakawa wanapita ubavu ubavu.

"Shemeji, vuta tumbo basi," alisema mpika chai, trei kichwani. "Hukuja, halafu unatubana!"

Akaenda kuchemsha sufuria ya pili. Shwari alipiga makofi. "Mahudhurio kama haya sijayaona tangu nizaliwe!" Gari likaondoka na visanduku vyote, watu wakalipungia mikono, na wasiokuwepo wakapunga zaidi.

Jioni kisanduku kikafungwa kwa mama. Mtandao ukakatika, kama kawaida yake. Mama akabonyeza kujaribu. Taa ya kijani ikawaka, na muuguzi ambaye hakuja akajaa chumba kizima, mabega darini, aproni ikaziba dirisha.

Kidoti aliingia kwa kupenya chini ya kwapa la muuguzi. Alimkuta mama amebanwa ukutani, anacheka mpaka machozi.

"Mtu mzima ovyo! Mto wangu kaukalia," alisema mama. Akanyoosha mkono ili ainuliwe. Mkono ukapita katikati ya aproni ile pana, ukarudi mtupu. Akaunyoosha tena, ukarudi vilevile.

Kicheko kikampungua. Akamgeukia bintiye.

"Haya, dawa nimemeza tangu asubuhi. Niambie sasa, mwanangu. Nani amekuja?"

Kidoti aliitazama taa ya kijani.

"Hajaja mtu, Mama."