Barafu ya Samaki

...kwa macho yake haya mawili aliona, si ya kuambiwa, mkanda wa mashine ya kusaga ukinyaka rasta za Juliet pale soko la Konyo Konyo, mke wake mwenyewe, ukang'oa ngozi yote ya kichwa kutoka nyusi mpaka kisogo kama mtu anavua kofia, na yeye Lako akaruka meta kumi, hapana, ishirini, akazima injini kwa meno, ndivyo alivyowaambia watu wa benchi la hospitali, wakacheka, hata mama mkwe akacheka, wewe Lako utadanganya mpaka malaika, mama wallahi ni kweli... na mlango umefungwa, ndani daktari ameinamia hadubini anairudisha ile ngozi, anashona mishipa myembamba kuliko uzi wa buibui, damu ikipita nywele zitaota, Juliet atasukwa tena kwa Namukasa msusi, atamtukana tena, mwanaume gani mdomo kama redio... mlango, nesi, barakoa chini ya kidevu, Bwana Lako, daktari anauliza tena, ile ngozi uliifunga kwenye mfuko kwanza, ama barafu iliigusa? Mfuko, sista! Mifuko saba, moja ndani ya ingine, hata pumzi haiingii! na benchi likacheka, nesi hakucheka, kwa sababu haipokei damu, alisema, imekuwa nyeupe, kama iliganda tuambie, daktari aache kuhangaika, atoe ngozi ya paja afunike mfupa, mgonjwa hana nguvu ya kulala humo siku nzima... saba, sista... na mlango ukafungwa, ngozi ya paja, paja halioti nywele, ukisema umemnyoa mke wako milele kwa mdomo wako, usiposema wanashona maiti... na beseni la Ayen linamrudia akilini, Ayen muuza samaki, chukua barafu yote ndugu, nimetia chumvi izidi baridi, na hii samaki inakaa siku tatu haiozi, akafurahi, kama inatunza samaki itashindwa kichwa cha mtu? akaizika ngozi ndani ya barafu, akazikandamiza rasta kwa viganja zienee, na kwenye raksha, bajaji ile, njia nzima akajiona daktari, daktari mkubwa, Lako... mama mkwe anamsogezea chai, kunywa mwanangu, umefanya kazi ya mwanaume, ile mifuko ndiyo itamwokoa, na chai inapoa mkononi, mlango haujafunguka, saba, alisema saba, na mfuko haukuwepo, hata mmoja.