Bendera Juu ya Kilima cha Chumvi

Bendera ya Wahu ilikuwa imesimama katikati ya Kilima cha Chumvi, na mstari mwekundu chini ya skrini ulikuwa umejaa zaidi ya nusu. Ukijaa wote, kilima kingerudi kwake. Alikuwa amekijengea ukuta mwaka mzima, akitoka kazini kwenye duka la uchapaji na kuingia moja kwa moja kwenye saiba hii ya kompyuta za kukodi ya River Road, hadi Ken wa Lavington, mtaa wa matajiri, alipomnyang'anya. Alimnyang'anya kwa haki, hilo hakulibisha, lakini lilimuuma.

Sheria za gemu hazikuwa na huruma. Ulitangaza vita siku moja kabla, ukasimika bendera saa uliyotaja, na mwenye ardhi peke yake ndiye aliyeweza kukuzuia. Ukishindwa, au ukiing'oa bendera mwenyewe, ardhi hiyo ilifungwa kwako milele. Hapakuwa na pa kukata rufaa.

Ken alikuwa akija mbio kutoka lango la kaskazini, upanga mkononi, mara akaganda. Kisha jina lake likazimika.

"Amepotea," alisema Ciru, mwenzake Wahu wa vitani tangu mwanzo, aliyekaa kwenye kompyuta ya pili. "Wahu, tumeshinda."

Simu ya Wahu ikaita.

"Stima imepotea huku," Ken alisema. "Ng'oa bendera."

"Si mko na jenereta?"

"Imeisha mafuta. Wahu, si ni wewe ulisema?"

Ni yeye kweli, na hapo ndipo alipokabwa. Sheria za gemu ziliandikwa na watu wa mbali wasioujua umeme wa Nairobi, basi wachezaji wa hapa walijiwekea desturi yao: mtu akipotelewa na stima, mvamizi anang'oa bendera. Wahu ndiye aliyeipendekeza, tena kwa maneno makali, akiwaita waliosita wezi wa gizani.

"Usijaribu," Ciru alinong'ona. "Ukiing'oa huwezi rudi hapo."

"Najua."

"Huyo ni mtu wa Lavington. Huko stima hupotea lini?"

Mstari ulizidi kujaa. Wahu alikitaka kile kilima kuliko alivyoweza kukiri mbele ya mtu mzima yeyote. Angeweza kuwaambia wachezaji wengine simu haikushika. Angeweza kusema lolote. Ulipobaki upana wa kidole, alimlaani Ken kimoyomoyo, akabonyeza.

Bendera ikaanguka. Skrini ikaandika kwamba Kilima cha Chumvi kimefungwa kwake.

Kabla hajaiweka simu chini, jina la Ken liliwaka tena, naye akawa pale pale langoni. Kompyuta iliyozimwa na kupotea kwa stima haiamki upesi hivyo. Za saiba hii zilikupa nafasi ya kumaliza kikombe cha chai. "Asante Wahu," Ken aliandika. Simu alikuwa ameshaikata.

Macho yalimwasha Wahu na hakutaka kuyapangusa mbele ya watu. Kando yake Ciru alikuwa tayari anachapa, akitangaza vita kwa jina lake mwenyewe, kesho, saa kama hii.

"Mimi sijafungiwa," alisema bila kugeuka. "Na kesho akinipigia ati stima imepotea?"

Wahu alikitazama kilima ambacho hangekikanyaga tena. Alijua jibu alilolitaka Ciru, na yeye mwenyewe alilitaka zaidi.

"Ng'oa," alisema.