Doto Amesaini

Saa mbili kasoro asubuhi, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Kulwa Ezekia alikuwa wa tatu kwenye foleni ya Msafara Vifurushi, akipiga tarumbeta ambayo haikuwepo. Midomo ilitetemeka, prrrr, prrrr, vidole vitatu vikabonyeza hewa. Mama aliyesimama mbele yake na tenga la kuku aligeuka, akamtazama, kisha akalisogeza tenga mbali naye.

"Mazoezi, mama," Kulwa alieleza.

"Ya nini, mwanangu? Degedege?"

Tarumbeta ilikuwa mali ya kanisa. Kitufe chake cha pili kilianza kunata wakati wa Kwaresima, na Kulwa mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, ndiye aliyemshawishi Mzee Justus, kiongozi wa bendi, aipeleke kwa fundi Dar es Salaam. Fundi aliitengeneza na kuirudisha kwa Msafara. Hiyo ilikuwa siku kumi na mbili zilizopita. Kesho alfajiri, kabla jua halijachomoza, Wamoraviani wangekwenda makaburini kama kila mwaka kuwatangazia marehemu kwamba Bwana amefufuka, na sauti ya kwanza ilikuwa ya Kulwa. Mzee Justus alikuwa ameshatoa hukumu: tarumbeta isipoonekana leo, kesho atapiga Advera, mwenzake wa bendi, kwa tarumbeta ya akiba, na Kulwa atabeba vitabu vya nyimbo mpaka atakapozeeka. Kwa upigaji wa Advera, marehemu wangeomba waachwe walale.

Ukutani, juu ya kaunta, kampuni ilikuwa imechora wapagazi wamebeba pembe za ndovu, na chini yao maneno mekundu: TUNAFIKA.

Zamu yake ilipofika, Kulwa alimwamkia karani shikamoo. Wilbroad hakumzidi hata miaka kumi, lakini shikamoo ilikuwa kitu pekee mjini ambacho bei yake haijapanda.

"Marahaba. Wewe tena?"

"Mimi tena, kaka Wilbroad. Mara ya sita."

Mara tano zilizotangulia alikuwa ameambiwa mzigo uko njiani. Leo Wilbroad, mwenye kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino, alifungua kitabu kikubwa cha mizigo, akateremsha kidole ukurasa mzima, na uso wake ukang'aa.

"Una bahati! Mzigo wako umeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na pacha wako. Jumatano, saa kumi jioni. Huyu hapa." Aligeuza kitabu. "Doto. Amesaini."

Kulwa aliutazama mwandiko ule mpana uliolala upande. Pacha wake Doto alifariki akiwa na umri wa siku tisa, na kwa siku tisa hakuwa amefika mbali katika elimu ya kusaini.

"Kaka, Doto wetu alifariki."

"Oh. Pole sana, mdogo wangu. Lini?"

"Miaka kumi na minane iliyopita."

Wilbroad alirudi kwenye kitabu, akasoma tena kwa makini. "Hapa imeandikwa Jumatano."

Foleni nzima ilisogea mbele kusikiliza. Hata kuku walinyamaza.

"Nani alimpa huyo mtu mzigo wangu?"

"Ilikuwa zamu ya mwenzangu, kahamishiwa Nzega. Lakini hakukosea. Mzigo wa Kulwa, Doto ana haki ya kuuchukua. Ndiyo utaratibu wetu hapa Tabora. Watu wa Dar hawaelewi mambo ya mapacha, wanataka vitambulisho."

"Ukisimama pale stendi ukaita Kulwa, wataitika watu kumi! Na kila mmoja ana Doto wake!" Jicho lake lilitua kwenye rafu nyuma ya karani. Kulikuwa na boksi refu, jembamba, limeandikwa kwa kalamu nene: KULWA – TABORA. "Na lile pale?"

"Lile la Kulwa mwingine."

"Basi si ndiyo hivyo! Doto wa yule kaja kuchukua lile, mkampa langu! Nisomee namba ya simu iliyopo pale, nimpigie."

"Siri ya mteja," Wilbroad alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesomea kazi.

"Namba yangu nayo ilikuwa kwenye boksi langu. Mbona hamkunipigia?"

"Simu ya ofisi haina salio tangu Krismasi."

"Babu zetu walibeba pembe kichwani kutoka hapa mpaka Bagamoyo," Kulwa alisema akiuonyeshea kidole mchoro, "miezi mitatu, bila simu, na zilifika! Nyinyi mna mabasi, mmeshindwa tarumbeta!"

"Sema, dada, usiogope!" mama wa kuku alidakia.

Wilbroad alifunga kitabu taratibu. Alieleza kwamba kitabuni mzigo ulipokelewa na ndugu, na mzigo uliopokelewa hauwezi kupotea. Kama Kulwa anadai ndugu huyo ni marehemu, alete karatasi ya kuthibitisha kifo. Ikija, atafungua faili. Mwingine!

Kulwa alikwenda mbio mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye Jumamosi serikali yake ilikuwa dukani kwake, kati ya mizani na gunia la sukari. Alimkuta akimweleza mteja kwamba bei ya jana ilikuwa ya jana.

"Shikamoo mwenyekiti. Naomba barua ya kifo cha pacha wangu."

"Marahaba. Mungu amlaze pema. Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, akaishi siku tisa."

Mwenyekiti aliweka kijiko cha sukari chini. Alifikiri kwa muda, kama mtu mwenye madaraka.

"Sasa, binti, kiserikali huyo hajazaliwa. Na mtu ambaye hajazaliwa, mimi nitamuuaje kwa muhuri? Njoo Jumanne, sikukuu ikishapita, tuone. Na uje na kitu kidogo cha wino, maana muhuri umekauka."

Saa saba mchana Kulwa aliingia nyumbani akitweta. Mama yake, Pelagia, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, amevaa miwani, akichambua mchele wa sikukuu. Kulwa alimsimulia yote kwa mkupuo mmoja, kuanzia kuku mpaka wino, huku akiiga sauti ya kila mtu. Mama alicheka kwa kuku na degedege. Alipofika kwenye saini, mama aliacha kucheka.

"Wameandika jina lake?"

"La Doto mwingine, mama. Siyo wetu."

"Ni kweli, siyo wetu." Alirusha punje ya jiwe nje ya ungo. "La wetu sijawahi kuliona limeandikwa popote. Baba yako alitafuta jiwe la kaburi, akalipaka chokaa. Kuandika alisema ataandika mwakani. Mwakani naye akaondoka."

 Wazo likamjia Kulwa kwa kishindo, akaruka wima.

"Mama, niazime lile gauni lako la kitenge. Na miwani."

"Miwani yangu? Unakwenda kusoma nini?"

"Nakwenda kuwa na adabu."

Saa tisa alasiri, ndani ya Msafara Vifurushi aliingia binti mpole, aliyevaa gauni la kitenge lililompwaya na miwani iliyomfanya aone kaunta mbili na Wilbroad wawili. Watu watano walikuwa kwenye benchi wakisubiri mizigo iliyokuwa njiani. Binti alipiga goti kidogo, jambo ambalo halikuwahi kutokea mahali pale tangu pafunguliwe.

"Shikamoo kaka. Nimekuja kuchukua mzigo wa Kulwa. Mimi ni Doto."

Wilbroad alimtazama usoni kwa muda mrefu. 

"Aisee!" karani alisema hatimaye. "Mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Ila wewe umelelewa. Mwenzio asubuhi kanitukania mpaka mabasi. Na akaniambia umekufa!"

"Tulikosana, kaka."

"Kukosana gani huko, mpaka kuzikana? Kitambulisho?"

"Sina."

"Basi taja jina la pacha wako."

"Kulwa."

"Sahihi." Akashusha lile boksi refu kutoka kwenye rafu, akalipangusa vumbi, akageuza kitabu. "Saini hapa."

Kulwa alishika kalamu, ile moja yenye wino. Alikuwa amepanga kuchora mstari wowote wa haraka. Mkono ukakataa. Aliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wa mtihani: *Doto Ezekia*.

Kisha akavua miwani, akasoma namba iliyobandikwa kwenye boksi, na hapohapo kwenye kaunta akapiga simu, sauti nje wote wasikie.

"Haloo! Wewe ni Kulwa?"

"Kulwa yuko shambani. Mimi Doto. Nani mwenzangu?"

Benchi zima lilisimama.

"Kaka Doto, mimi ni Kulwa wa tarumbeta!"

"Mungu mkubwa!" mtu yule alipiga kelele. "Dada, nawapigia hao Msafara tangu Alhamisi, simu hawashiki! Sisi tuko Bukene. Tulikuwa tunasubiri bomba la kunyunyizia pamba. Tumefungua boksi, tunakuta dude lina tundu kama la kupulizia dawa. Tumetia dawa, haitoki."

"Mmetia dawa?"

"Tukaimwaga, tukaosha kwa sabuni, usiogope. Baadaye Kulwa akapuliza. Dada, tangu Alhamisi ngedere hawajasogelea mahindi! Niwakabidhi hawa hawa Msafara wakuletee?"

"USITHUBUTU!" walijibu Kulwa na benchi zima kwa pamoja.

"Basi nakuja mwenyewe na pikipiki."

Alifika saa kumi na mbili kasoro, mtu wa makamo mwenye matope mpaka kwenye nyusi, tarumbeta imefungwa mgongoni kwa kanga kama mtoto. Kulwa aliipokea, akajaribu kitufe cha pili. Kiliteremka na kupanda bila kunata. Alipuliza noti moja tu, ndefu, na mchoro wa wapagazi ukadondosha chokaa. Ilinukia sabuni ya mche na, kwa mbali, dawa ya pamba. Doto wa Bukene alikumbatia bomba lake, akapeana mikono na kila mtu, akaondoka kabla giza halijaingia.

Wilbroad ndiye hakuwa na sikukuu usoni. Alikuwa ameshaelewa, na jasho lilimtiririka.

"Mdogo wangu, njoo. Tafadhali." Alifungua kitabu. "Hapa pafutwe. Ukaguzi ni Jumanne. Wakichimba, nitaonekana nimekabidhi mzigo kwa marehemu."

"Na Jumatano je?"

"Jumatano haina tatizo, yule yupo hai. Usipofuta, kitabu kiko sawa kabisa: mizigo miwili, Doto wawili, hakuna kilichopotea. Lakini mimi na wewe tunajua."

Kulwa alielewa. Siku kumi na mbili, safari saba, ngedere wa Bukene, na kitabuni kampuni haikuwa imepoteza hata punje. Mahali pa malalamiko palikuwa peupe.

"Sifuti, kaka," alisema. "Ulisema ana haki."

Wilbroad alichukua kalamu afute mwenyewe, akasita, akaichomeka mfukoni na wenzake. Simu ya Kulwa iliita. Alikuwa mama.

"Umeipata?"

"Ninayo, mama! Kesho nitaanzia upande ule wa kwake. Na mama... nimelisaini jina lake. Lipo kitabuni. Doto Ezekia."

Kwenye simu, Kulwa alisikia ungo ukiwekwa chini.

"Umeandika kwa D kubwa?" mama aliuliza.

"Kwa D kubwa, mama."