Chapa ya Mwenyekiti

Qali alipanda lusani, majani ya kulisha ng'ombe, kwenye kishamba chake karibu na Bura, akaimwagilia kwa maji aliyoteka mtoni. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye mimba, na bila majani hayo asingevuka kiangazi. Miche ilipofikia kimo cha kidole, kila asubuhi akaikuta imekatwa shinani.

Alinyunyiza dawa ya wadudu aliyogawiwa na mradi wa malisho. Wadudu wakanenepa.

Alfajiri moja alifukua udongo kwa kijiti, akawakuta sota, wale viwavi wakata-miche, wamejikunja kando ya miche. Kila mmoja alikuwa na chapa ubavuni, duara lenye mguu mmoja. Ndiyo chapa ya ngamia wa Abdinasir, mwenyekiti wa mradi wa malisho.

Mkulima angewaponda pale pale. Qali alilelewa na wafugaji, na kwao mnyama mwenye chapa hauawi. Hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe hulipa kilicholiwa. Alikata fimbo, akapiga mluzi, sota wakatoka ardhini wakamtangulia njiani. Walikwenda polepole. Wenye pikipiki walisimama kuwapisha.

Abdinasir alikuwa akinywa chai barazani na wazee wawili. Aliinama, akamgeuza mmoja kwa kidole.

"Ni wangu hawa," alisema. "Shukran, abaayo, dada yangu. Hakuna aliyepotea?"

"Hakuna, adeer," Qali akajibu, akimwita ami kwa heshima. "Lakini wamekula shamba langu. Na dawa uliyotugawia ni maji."

Yalikuwa maji yaliyotiwa rangi. Dawa yenyewe ilipakiwa kwenye lori kwenda kuuzwa Modogashe, mchana kweupe, na wazee hao hao walikuwa wamekaa hapo hapo wakitazama. Hata haya hawakuwa nayo.

Wazee wakashauriana. Mmoja akasema mifugo imemfikia mwenyewe, alhamdulillahi, na mnyama kazi yake ni kula. Mambo ya dawa hawakuletewa wao. Mwenzake akauliza ni nani atakayeichunga, maana mifugo mingi namna hiyo haiachwi hivi hivi.

"Wamemzoea huyu," Abdinasir akasema.

Basi ikawa hivyo, bila mshahara. Jioni Qali huwatoa sota kwenda kula, na mahali penye majani mabichi ni shambani kwake tu. Alfajiri huwapigia mluzi, akawarudisha bomani kwa mwenyekiti. Ng'ombe mwekundu alianguka akafa kwa njaa katikati ya kiangazi, ndama tumboni. Abdinasir alikuja kutoa pole, akaulizia afya ya mifugo yake.

Mvua iliponyesha, mradi uligawa mbegu upya na chupa za dawa. Watu walimpongeza Abdinasir kwa jinsi mifugo yake ilivyoongezeka. Qali alipokea mbegu, chupa akaimwaga mlangoni mwa ofisi, mbele yao wote.

Kisha akaenda kupanda, kwa sababu mifugo ya mwenyekiti ilikuwa na njaa.